Akihema, Usimwite Mvivu

Wenzangu tunaokwenda TP, tukumbuke hili. Mtoto mnene akikimbia kidogo kifua kinabana, darasa linacheka, na mwalimu naye anamwita mvivu. Kumbe huenda ana pumu. Mafuta ya tumboni huyabana mapafu yasijae hewa vizuri. Tena hutoa kemikali zinazoweza kuchangia njia za hewa kuvimba. Kama ana aleji ya vumbi, kufagia darasa tu kunatosha kumbana. Akiogopa kubanwa, haendi kucheza. Asipocheza, anazidi kunenepa. Mzunguko hauishi.

Sisi tufanye nini? Tunyunyize maji kabla ya kufagia, mazoezi yaanze taratibu, na pampu yake ya pumu ikae naye uwanjani, isifungiwe ofisini. Na anayecheka, tumnyamazishe.