Injini ya gari la kale: rangi yake ya kwanza iko wapi?

Gari likishakaa Munje, pwani, kwa miaka mingi, chumvi ya bahari huwa imeingia mpaka chini ya boneti. Bodi ikinyooshwa na kupigwa rangi, ubishi wa gereji huhamia kwenye injini: ilitoka kiwandani na rangi gani? Swali hili lina uzito. Katika mashindano ya unadhifu wa magari ya Nairobi, Concours d'Elegance, yanayofanyika tangu 1970, waamuzi hufungua boneti pia.

Je, rangi ya injini hufuata ya bodi?

Hapana, kila kiwanda kilikuwa na yake. Datsun 240Z, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, ilikuwa na injini ya buluu. MGB za mwanzo zilipakwa damu ya mzee, za baadaye zikawa nyeusi. Jaguar E-Type ya lita 3.8 ilipakwa dhahabu kwenye silinda hedi.

Kwa hiyo, modeli na mwaka vijulikane kwanza. Namba ya injini ilinganishwe na ya logbuku, maana injini nyingi zimeshabadilishwa.

Rangi ya kwanza inatafutwa wapi?

Pale jua, joto na brashi ya fundi havikufika: stata inaposhikana na bloku, nyuma ya mkono wa alteneta, chini ya maunti. Grisi iliyoganda hapo kwa miaka ndiyo iliyoihifadhi. Ilainishwe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, ifutwe polepole. Brashi ya waya ikae mbali.

Kama injini imepakwa mara kadhaa, sehemu ndogo isuguliwe kwa msasa laini na maji, kwa mduara. Pete za rangi zitajitokeza moja ndani ya nyingine, na ile iliyo karibu zaidi na prima au chuma ndiyo ya kiwandani.

Inalinganishwaje?

Kipande kinachofunguka, chenye rangi safi, kipelekwe kwa mchanganyaji wa rangi. Mchanganyiko upulizwe kwenye bati na uachwe ukauke kabisa, kwani rangi mbichi hudanganya. Kisha vyote viwili vitazamwe nje, kivulini, mchana. Taa za gereji hubadilisha rangi machoni.

Itadumu vipi pwani?

Chuma kioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kikaushwe, kipigwe prima siku hiyo hiyo. Chumvi ikibaki, kutu itainua rangi kutoka chini. Enameli ya injini inatosha kwa bloku, lakini manifoldi ya ekzosi huhitaji rangi ya kuhimili nyuzi 600 hivi.

Siku za masika, hewa ikiwa nzito, kazi isubiri: unyevu ukitua kwenye rangi mbichi, huacha utando mweupe. Namba ya injini izibwe kwa tepu kabla ya kupuliza, wala isipigwe msasa.