Betri ni mpya, mbona mume wangu hana raha?

*Shikamoo Mama Mshauri.*

*Mimi ni mama wa miaka 52, naishi Tanga na mume wangu ambaye ni mstaafu wa reli. Yeye ana miaka 74. Miaka kumi iliyopita moyo wake ulikuwa unapiga polepole mno, akawa anaanguka hovyo, ndipo akawekewa betri ya moyo. Tukasahau kabisa kama ana ugonjwa. Alikuwa akienda msikitini kwa miguu, jioni anacheza bao barazani na wenzake.*

*Miezi mitatu iliyopita tuliambiwa betri inakaribia kwisha, akabadilishiwa. Tulitarajia angerudi na nguvu zaidi, lakini mambo yamekuwa kinyume. Akitembea kutoka nyumbani hadi dukani anasimama mara mbili kupumzika. Akiinuka kutoka sijida anashika ukuta, anasema kichwa kinazunguka. Usiku ananiambia moyo unamdunda. Tulirudi kliniki, wakampima, wakasema betri inafanya kazi vizuri na kwamba umri nao umekwenda. Watoto wetu wamelishika neno hilo hilo: "Baba amezeeka, mama, kubali."*

*Kinachoniumiza zaidi ni yeye mwenyewe. Amekuwa mkimya na mkali. Amehamia chumba cha uani kwa sababu mimi huchaji simu karibu na kitanda, anaogopa itaharibu betri. Nikimwambia turudi hospitali ananijibu, "Mngeniacha na ile ya zamani nife nayo." Jirani ametuletea dawa za mizizi, na shemeji anataka apigwe hijama. Usiku naamka, naenda kumsikiliza kama anapumua. Je, niendelee kumsukuma au nimwache alivyo?*

*Mama wa Tanga*

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa uchovu na kwa usiku huo wa kusikiliza pumzi za mtu. Nakujibu swali lako kwanza: usimwache, na wala usimsukume. Kaa upande wake. Mzee amekwambia hajisikii vizuri. Neno hilo lichukuliwe kwa uzito kama kipimo chochote cha hospitali. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na moyo huo anaulalia yeye.

Waliowaambia kwamba betri inafanya kazi huenda wamesema kweli. Lakini betri kufanya kazi ni jambo moja, na betri kupangwa ikamfaa mwenye nayo ni jambo jingine. Hapo ndipo wengi hukwama, wagonjwa na hata baadhi ya wahudumu.

Ngoja nikueleze kilichofanyika siku ile. Kifaa chenyewe ni kidogo, kinalala chini ya ngozi karibu na mtulinga, na kutoka hapo nyaya zinapita ndani ya mshipa hadi moyoni. Kwa kawaida betri ikikaribia kwisha, nyaya huachwa mahali pake kama bado ni nzima. Kinachotolewa ni kile kidude chote chenye betri, kinawekwa kingine, na nyaya zilezile zinafungwa kwake. Ndiyo maana operesheni ya pili huwa fupi kuliko ya kwanza. Lakini kifaa kipya kinatoka kiwandani na mipangilio yake ya kuanzia, na mumeo amekaa miaka kumi na mipangilio iliyorekebishwa kumfaa yeye. Kama ile ya zamani haikuhamishwa yote, mwili wake utajua kabla ya mtu mwingine yeyote.

Chukua mfano wa kiwango cha chini cha mapigo. Kama betri ya zamani ilikuwa hairuhusu moyo kushuka chini ya mapigo 70 kwa dakika, na mpya imeachwa kwenye 60, mzee anaweza kuhisi uzito ambao hawezi kuueleza. Kuna pia sehemu inayotambua kwamba mtu anatembea na kuupandisha moyo ulingane na kazi. Ikiwa imezimwa, mzee anaweza kupanda kilima na mapigo yaleyale aliyokuwa nayo akiwa ameketi, akaishiwa nguvu. Ikiwa kali kupita kiasi, mtikisiko wa bajaji kwenye barabara mbovu unatosha kuufanya moyo uende mbio. Wengine hupata shida kwa kuwa chumba cha juu na cha chini cha moyo havipokezani sawasawa, mtu akahisi shingo inadunda, kizunguzungu na uchovu. Mara chache, waya huwa haukukazwa vizuri. Mengi ya haya hurekebishwa kwa mashine iliyo nje ya mwili, bila kisu wala sindano, mzee akiwa amelala kitandani dakika chache.

Kwa hiyo mnachohitaji kliniki ni mtu wa kuisoma betri yake na kuipanga upya kulingana na malalamiko yake. Ili wapate pa kuanzia, wapelekeeni ushahidi. Ukisema "hajisikii vizuri", ni rahisi kujibiwa "ni umri". Fanyeni hivi kwa wiki moja.

Nunua daftari dogo, tafuta saa yenye mshale wa sekunde. Asubuhi, mzee akiwa ameketi ametulia, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake, upande wa kidole gumba, uhesabu mapigo kwa dakika nzima. Andika. Kisha tembeeni pamoja taratibu kuelekea dukani, na pale anaposimama kupumzika, hesabu tena hapohapo. Andika namba, na uandike alivyojisikia. Kama ameketi ana 60, na akiwa anahema njiani bado ana 60, daktari atakuwa na jambo la kushika. Andika pia saa ambazo moyo unadunda usiku, na kizunguzungu kinakuja akifanya nini. Mkiweza kupata mashine ya presha, mpime akiwa ameketi, kisha akiwa amesimama dakika moja hadi tatu. Kizunguzungu cha kuinuka kutoka sijida kinaweza kuwa presha inayoshuka kwa sababu ya dawa anazotumia, na hapo betri haina kosa. Upungufu wa damu nao huchosha hivyo hivyo, na moyo wenyewe unaweza kuwa umedhoofika. Ombeni apimwe hayo yote.

Wakati huo, aswali ameketi kitini. Dini imempa mgonjwa ruhusa hiyo, na mzee hatakuwa amepunguza chochote.

Siku ya kwenda, bebeni kadi ya betri yake, ile mpya na ile ya zamani kama ipo. Kadi hiyo inataja kampuni iliyotengeneza kifaa na namba yake. Kila kampuni ina mashine yake ya kusomea, na mashine ya kampuni moja haisomi betri ya nyingine. Kwa hiyo pigeni simu kwanza, muulize kama mashine ya kampuni yenu ipo na mtaalamu wake atakuwepo, msije mkapoteza nauli. Mkifika, ombeni mambo matatu kwa maneno haya: mipangilio ya sasa ilinganishwe na ya betri ya zamani, atembezwe kwenye korido huku mapigo yakiangaliwa, na kama kudunda kwa usiku hakuonekani hapo, kumbukumbu za ndani ya betri zisomwe, au avalishwe kipimo cha saa 24. Ni haki yake kuomba hivyo. Pale mlipo pakishindikana, ombeni rufaa kwenda kwa wataalamu wa moyo. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyopo Muhimbili, Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 2015, hufanya kazi hii.

Yapo mambo yasiyosubiri wiki ya daftari. Akizimia au akikaribia kuzimia, akibanwa na kifua, akikosa pumzi akiwa amekaa tu, au mapigo yakishuka chini ya kiwango alichowekewa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Vilevile kwikwi isiyokoma, au misuli ya kifua inayorukaruka yenyewe, huenda ni dalili kwamba umeme wa betri unagusa pasipostahili.

Na kidonda, hata kama kimefunga, kitazame kila asubuhi kwenye mwanga. Wekundu, joto, uvimbe, maumivu yanayoongezeka, ngozi kuwa nyembamba juu ya kifaa, usaha au homa, yote hayo ni ya kukimbilia hospitali, maana maambukizi ya mahali pale yanaweza kujitokeza hata baada ya miezi, na vidonge vya dukani haviyamalizi. Mtu yeyote asichome sindano kwenye uvimbe huo. Mshukuru shemeji kwa moyo wake, lakini hijama isipigwe, na mahali pale pasichuliwe wala kupakwa kitu. Mizizi ya jirani iweke kando. Kama mzee anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, baadhi ya mitishamba huongeza nguvu ya dawa hizo hadi mtu akavuja damu. Ukimwambia jirani "daktari amekataza", hutakuwa umevunja ujirani.

Sasa tuje kwenye chumba cha uani, maana naona hapo ndipo panapokuuma.

Mumeo anaogopa. Mtu aliyeishi miaka kumi akisahau kuna kifaa kifuani, siku moja anaambiwa kinakaribia kuisha, anaanza kufikiri kwamba uhai wake una tarehe. Ukali ule ni woga wa mwanamume aliyezoea kutegemewa. Mwambie jambo hili: betri ya moyo haizimiki ghafla kama tochi. Hutoa dalili miezi kadhaa kabla, na ndiyo sababu ya kuhudhuria kliniki. Mwambie pia habari ya Arne Larsson, mtu wa kwanza duniani kupandikizwa kifaa hiki, mjini Stockholm, Sweden, mwaka 1958. Kifaa chake cha kwanza kilidumu saa chache tu. Alibadilishiwa zaidi ya mara 20, na akaishi hadi mwaka 2001, akiwa na miaka 86. Kubadilishiwa betri hakumaanishi kwamba safari imefika mwisho.

Simu haina haja ya kuwatenganisha. Inatosha ikae sentimita 15 au zaidi kutoka kwenye betri. Asiiweke mfuko wa shati, na akiongea aiweke kwenye sikio la upande usio na kifaa. Wewe hamisha chaja, iweke mezani upande wa pili wa chumba, kisha mwite arudi kitandani kwake. Redio na televisheni havina neno. Ajiepushe na mashine za kuchomelea vyuma, asiegemee jenereta au injini inayounguruma, na asiweke spika kubwa kifuani, maana ina sumaku. Kukumbatiana na mkewe hakuharibu betri. Na tendo la ndoa halikatazwi kwa sababu ya betri. Kidonda kikipona, na nguvu zake zikirudi hata aweze kutembea kwa haraka kidogo bila kuhema, hakuna kizuizi. Wazee wengi huona haya kuuliza hilo kwa daktari kijana. Akiwa nao wasiwasi, ulizeni.

Halafu mrudishie usukani. Daftari ashike yeye, wewe uhesabu. Kwa daktari aongee yeye kwanza. Usimjibie, ongeza tu aliyosahau. Badala ya kumwambia "lazima turudi hospitali", mwambie, "Baba watoto, mimi nakuamini kwamba kuna kitu hakiko sawa. Nataka wengine nao wakuamini. Nisaidie tuandike." Mtu aliyeambiwa na kliniki na wanawe kwamba ni uzee tu, atasikia neno "nakuamini" kabla ya neno lolote jingine. Na waalike wacheza bao waje barazani kwake, asingoje kupona ndipo aone watu. Ikipita wiki mbili bado halali, hali, hataki mtu, au anarudia maneno ya kufa, mwambie daktari hilo nalo. Huzuni ya namna hiyo ina tiba yake.

Na wewe, mdogo wangu, huwezi kulinda pumzi za mtu usiku kucha miezi na miezi. Akirudi chumbani utamsikia bila kuamka. Wagawie watoto zamu: mmoja ampeleke kliniki, mwingine alale hapo nyumbani mara moja moja upumzike. Mlezi akianguka, nyumba nzima inaanguka naye.

Neno la mwisho ni kwa hao watoto, na kwa kila mtoto mwenye mzazi aliyebadilishiwa betri. Uzee hauingii kwa mtu siku moja baada ya operesheni. Mtu aliyekuwa akitembea hadi msikitini, akashindwa kufika dukani baada ya kubadilishiwa kifaa, ana haki ya kuchunguzwa mpaka sababu ijulikane. Changeni nauli, mpelekeni baba yenu mwezi huu.