SOMO LA WIKI: Trela la zamani hupimwa kuanzia chini

Huko Marekani kuna soko la matrela ya zamani ya safari, yaani nyumba ndogo zinazokokotwa na gari. Jina linalotafutwa sana ni Airstream. Bodi lake la alumini hung'aa hata baada ya miaka 50, na mng'aro huo ndio unaomponza mnunuzi. Anakubali bei kwa kutazama bodi, kumbe gharama imejificha chini: ekseli, breki na magurudumu.

Kuanzia miaka ya 1960 matrela hayo yalifungwa ekseli zisizo na springi za chuma. Ndani ya bomba la ekseli mna mpira. Gurudumu likipita kwenye shimo au tuta, mkono wake huubana mpira huo, nao hupokea mshtuko. Mpira hukakamaa kwa miaka, hata trela likiegeshwa tu. Ukishakakamaa hautengenezeki, hubadilishwa ekseli nzima. Asiyebadilisha huipeleka mishtuko kwenye bodi: ribiti hulegea na fremu huweza kupasuka.

Kipimo ni rahisi. Tazama mkono wa gurudumu trela likiwa limesimama. Ukiwa umeelekea juu, mpira umechoka. Kisha inua fremu kwa jeki, si bomba la ekseli. Gurudumu lisiposhuka, jibu ni lile lile.

Sasa tupige hesabu. Trela la ekseli mbili linahitaji ekseli 2, breki 4, rimu 4 na tairi 4, bila kuhesabu spea. Tuseme umenunua kwa dola 8,000, unatarajia kuuza kwa dola 12,000, na kazi ya chini pamoja na ufundi inakula dola 4,500. Ulidhani una faida ya dola 4,000. Una hasara ya dola 500. Anayepima kabla ya kulipa hushusha bei ya kununulia, au huondoka.

Ukiamua kununua, zingatia haya:

1. Chagua ekseli kwa uzito wa trela likiwa limepakiwa. Ndogo ni hatari. Kubwa kupita kiasi huwa ngumu na hulirusha trela.

2. Agiza ekseli pamoja na habu na breki zake. Breki za umeme zina upande wa kushoto na wa kulia, usizichanganye. Boliti za habu zilingane na matundu ya rimu.

3. Funga ekseli kwa boliti. Moto wa kuchomelea huharibu mpira.

4. Soma tarakimu 4 za mwisho za namba ya DOT kwenye tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

5. Kaza nati kwa spana ya kipimo, kisha zikague tena ndani ya maili 50 za kwanza.

Tunza risiti zote, kwani mnunuzi wako naye atauliza. Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kwa trela, ingia chini kwanza.