Fizi Zenye Maradhi na Mishipa ya Moyo: Nasaha kwa Nyumba za Kasongo na Kabambare

1. Asili ya maradhi

Kinywa cha kila mwanadamu, awe mkulima wa mpunga wa Kasongo au mchuuzi wa sokoni Kabambare, kina bakteria wasiohesabika, na wengi wao hawana madhara. Lakini ukoga ukiachwa juu ya meno siku baada ya siku hugeuka ugaga mgumu usiotoka kwa mswaki, na chini ya fizi hustawi bakteria waharibifu, mmojawapo Porphyromonas gingivalis, hata fizi zikavimba, zikatoka damu, na hatimaye zikaachana na meno yakalegea, na yote hayo aghalabu bila maumivu makali ya kumwonya mwenyewe.

2. Fizi na mishipa

Fizi zenye vidonda huwapisha bakteria kuingia katika damu kila tutafunapo, na mwili, kwa kupambana nao miaka mingi, hudhurika kwa uvimbe usiotulia, ambao hudhaniwa kuumiza ngozi laini ya ndani ya mishipa, pale pale lehemu inapojikusanya, mshipa ukawa mgumu na njia yake ikasonga. Na matokeo yake huweza kuwa mshtuko wa moyo au kiharusi.

Mwaka 1989 wataalamu wa Ufini walitangaza kwamba wagonjwa wa mshtuko wa moyo walikuwa na meno mabovu kuliko wenzao wasiougua, na baadaye athari za bakteria wa fizi zikaonekana ndani ya mafuta yaliyoganda mishipani. Hata hivyo, insafu yataka tuseme kwamba Shirika la Moyo la Marekani, lilipoupima ushahidi mwaka 2012, lilikiri kuwa maradhi haya mawili hufuatana, ila halikuona hoja ya kukata kwamba moja ndilo lizaalo jingine. Tena tumbaku na kisukari huyachochea yote mawili. Basi mwenye shinikizo la damu asiache dawa zake kwa kutumainia mswaki.

3. Wajibu wa nyumba

Kila mmoja apige mswaki asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floridi, wala asiache kwa sababu fizi zatoka damu. Mswaki wa mti, ambao ni sunna kwa Waislamu, Shirika la Afya Duniani liliuhimiza mwaka 1986. Nao hufaa iwapo ncha yake imetafunwa ikawa nyuzi laini, ikasuguliwa taratibu hadi ukingoni mwa fizi. Mchanga na mkaa visitumike, na tumbaku iachwe.

Fizi zikitoka damu kwa majuma, zikitoa usaha, au jino likicheza, nendeni kituo cha afya, mkaombe kupelekwa kwa mganga wa meno akwangue ugaga. Na siku hiyo hiyo watu wazima wapimwe shinikizo la damu, kwani likifika 140 kwa 90 mara kwa mara lahitaji matibabu.