Kabla ya Kwenda Cannes, Anza kwa Daktari

Kila mwezi wa Mei runinga hutuonyesha waigizaji mashuhuri wakipanda ngazi zenye zulia jekundu mjini Cannes, kusini mwa Ufaransa, ambako tamasha la filamu lilianza mwaka wa 1946. Huenda nawe umeweka akiba miaka kadhaa ukauone mji huo, au una jamaa huko Ulaya aliyekualika. Hongera. Kazi yetu hapa si kukuchagulia hoteli bali kukuuliza: je, umeupangia mwili wako safari hii?

Tuanze na jambo ambalo wengi hulichukulia kama karatasi tu. Mkenya hapewi viza ya Ufaransa bila bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, inayolipia matibabu ya dharura na pia kurudishwa nyumbani. Usinunue ya bei rahisi bila kuisoma. Ikiwa una kisukari, pumu au shinikizo la damu, uliza kama bima hiyo inalipia ugonjwa uliokuwa nao kabla ya safari. Nyingi hazilipii, na aghalabu mtu hulijua hilo akiwa kitandani.

Sasa malaria. Utasema, malaria Ufaransa? Naam, ile uliyoibeba mwenyewe. Tuseme unaishi Nairobi na wiki moja kabla ya kusafiri unakwenda Kisumu au Kwale kuwaaga wazazi. Ukiumwa na mbu mwenye vimelea, homa haianzi siku hiyo. Huchukua siku saba au zaidi, mara nyingine mwezi. Kumbe itakukuta ufuoni Cannes. Daktari wa huko huona homa na maumivu ya viungo, akafikiri ni mafua, akakupa dawa za kutuliza. Siku mbili zikipotea hivyo, malaria ya aina iliyo kwetu inaweza kupanda kichwani na kuua. Kwa hiyo, ukipata homa yoyote huko, neno la kwanza kinywani mwako liwe kwamba umetoka Kenya na unataka damu ipimwe malaria. Wao huiita paludisme. Liandike neno hilo kwenye kijikaratasi uliweke ndani ya pasipoti. Afadhali zaidi, muulize daktari wako kuhusu tembe za kinga kabla ya kwenda kuwaaga wazee, kwa maana mkazi wa Nairobi hana kinga kama ya yule anayeumwa na mbu kila siku.

Dawa zako za kila siku zitie katika mkoba unaoingia nao ndani ya ndege, katika pakiti zake za asili, pamoja na barua ya daktari yenye jina halisi la dawa wala si jina la kibiashara tu. Insulini isiwekwe kwenye mizigo ya chini. Inaweza kuganda na kuharibika. Usitarajie kuingia duka la dawa, lenye alama ya msalaba wa kijani, ukauziwa viuavijasumu kwa kueleza tu unavyojisikia. Huko ni lazima uwe na cheti cha daktari. Saa hazitakusumbua sana: majira yao ya joto, sisi tuko mbele yao kwa saa moja tu.

Mwenye kisukari ajihadhari na jambo jingine dogo. Mikahawa mingi ya Ufaransa hufunga jiko baada ya chakula cha mchana na haipiki tena hadi kama saa moja jioni. Usisahau kubeba kitu cha kutafuna. Maji ya mfereji ni salama kunywa, usitupe pesa kwenye chupa.

Mwezi gani? Julai na Agosti ni joto, msongamano na bei za kutisha. Joto la Ulaya si mzaha: Agosti ya mwaka wa 2003 liliua watu wapatao 15,000 nchini Ufaransa, wengi wao wazee. Ukisafiri na mama mzee, chagua Juni mwanzoni au Septemba, wakati bahari ingali na vuguvugu.

Bahari yenyewe haijai na kupwa kama ya Mombasa, lakini ina yavuyavu wa rangi ya zambarau wanaochoma vikali. Ukichomwa, osha kwa maji ya bahari, si ya mfereji, na usisugue. Bendera nyekundu ikipepea, usiogelee. Wale watakaopita Nice wajue kwamba ufuo wa huko ni wa kokoto na kina huanza ghafla. Kwa dharura yoyote piga 112, au 15 kwa ambulensi.

Ukirudi na homa, usikimbilie kununua dawa ya malaria. Mbu wenye milia wanaouma mchana wameenea pwani ile, na mwaka wa 2010 watu wawili waliambukizwa kidingapopo papo hapo Nice. Mwambie daktari wako ulikokuwa, na usimeze aspirini kabla ya kupimwa, kwani huweza kuzidisha kutoka damu.