VYAMA VYA SIRI: KUAPA KABLA YA KUJUA



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na Sahaba zake. Ama baad.

Ndugu wanafunzi na wazazi wetu wapenzi, somo hili linahusu jambo ambalo vijana wetu hulizungumza njiani zaidi kuliko darasani. Tangu miaka ya 2010 neno Frimasoni limezunguka hapa Dodoma kama lilivyozunguka nchi nzima. Msanii akifariki ghafla, watu husema ametolewa kafara. Mfanyabiashara akijenga ghorofa kwa mwaka mmoja, basi naye "amejiunga". Mwanafunzi akiona alama ya bikari na skwea ya fundi ukutani, anapita mbio. Maneno ni mengi na elimu ni kidogo. Nimeona ni bora tujifunze jinsi vyama vya namna hii vinavyomchukua mtu na kumfunga, maana mwenye kuijua njia ya mtego hatishwi na hadithi zake, wala hanaswi kirahisi.

Kwanza tutofautishe mambo. Jando la Wagogo si chama cha siri, ingawa lina nyimbo na mafumbo ambayo asiyepita haambiwi. Kila mvulana wa rika lile hupita, kijiji kizima kinajua nani yuko kambini, na siku ya kutoka watu hukusanyika na kucheza ngoma. Chama cha siri huchagua watu wachache, huwaapisha, kisha huwaficha wengine yale yanayofanyika ndani. Si lazima kificheke chenyewe. Frimasoni wana jengo lao Dar es Salaam na wapita njia wanalijua.

Mlango wa kuingilia

Frimasoni ni chama kilichochukua alama zake kwa waashi wa mawe wa Ulaya. Wao wenyewe huhesabu mwanzo wa baraza lao kuu London kuwa mwaka 1717. Mtu anapoingizwa huvuliwa fedha na kila kitu cha chuma alichonacho. Hufungwa kitambaa machoni, hutiwa kamba shingoni, suruali hukunjwa mguu mmoja na kifua huachwa wazi upande mmoja. Hubishiwa mlango, huguswa kifuani kwa ncha ya chuma chenye makali, kisha hupiga magoti na kuapa juu ya kitabu kitakatifu cha dini yake kwamba hatatoa siri. Baada ya kuapa ndipo kitambaa kinapoondolewa.

Tuangalie hapo kwa makini, maana ndipo lilipo somo letu lote. Mtu huyu ameapa akiwa hajaona. Ni kweli kwamba huambiwa kabla kuwa kiapo hakipingani na wajibu wake kwa Mungu wala kwa nchi yake, na insafu inatutaka tulitaje hilo. Lakini anayemhakikishia ni yule yule aliyemfunga kitambaa.

La kushangaza ni kwamba siri yenyewe si siri tena. Mwaka 1730 Mwingereza aitwaye Samuel Prichard alichapisha kitabu kilichoeleza taratibu hizo za kuingizwa pamoja na maswali na majibu yake. Ni karibu miaka mia tatu sasa. Basi kinachowashika watu ni nini, ikiwa siri imeshauzwa dukani?

Jibu moja lilipatikana Marekani mwaka 1959. Watafiti wawili, Elliot Aronson na Judson Mills, waliwaalika wasichana wa chuo kujiunga na kikundi cha mazungumzo. Baadhi waliingia bila sharti, wengine kwa sharti jepesi, na wengine walilazimishwa kwanza kusoma kwa sauti maneno ya aibu mbele ya mwanamume. Kisha wote walisikilizishwa mazungumzo yale yale, nayo yalikuwa ya kuchosha sana. Walioaibishwa ndio waliosema kikundi ni kizuri zaidi. Nafsi ya mwanadamu haipendi kukiri kuwa imeteseka bure, kwa hiyo hukipandisha thamani kile ilichoteseka kwa ajili yake. Wazazi mnaosomesha watoto katika shule za bweni, mkisikia kidato cha juu "wanawakaribisha" wageni kwa kuwalaza chini na kuwamwagia maji, mjue ni mlango huo huo.

Usukumani kuna Wayeye, mafundi wa nyoka, ambao Hans Cory aliandika habari zao mwaka 1946. Anayeingia huchanjwa chale na kutiwa dawa za kukinga sumu, akafundishwa aina za nyoka na tiba ya kuumwa. Huko angalau ndani ya siri kulikuwa na kazi. Uhalali wa dawa hizo na mengine yanayoambatana nazo ni mlango mwingine, sitaufungua leo.

Kiapo

Kenya ndiyo iliyotuonyesha wazi nguvu ya kiapo katika ukanda wetu. Wakikuyu walikuwa wamenyang'anywa ardhi na walowezi, na dhulma hiyo haina mjadala. Waliojiunga na Mau Mau walipitishwa chini ya tao la migomba, wakalishwa nyama ya mbuzi, na kwa kila sharti wakatamka kwamba wakivunja, kiapo hiki kiwaue. Kulikuwa na kiapo cha umoja, na baadaye cha wapiganaji kilichoitwa batuni, kutoka neno la Kiingereza la kikosi cha askari. Wapo walioingia kwa ridhaa kamili, na wapo walioamshwa usiku na kupelekwa bila kuulizwa. Serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952, lakini bunduki peke yake haikutosha. Ilibidi iandae sherehe za kimila za kuwavua watu kiapo, na huko kwenye kambi za kizuizini mtu alihesabiwa kuwa amebadilika pale tu alipokiri kuwa aliapa. Fikiri, dola lenye ndege za vita likahangaika na maneno aliyoyatamka mkulima gizani.

Kwa nini maneno yana nguvu hiyo? Kwa sababu aliyeapa anaamini kwamba adhabu itamfuata hata pasipo mtu wa kumwona. Frimasoni wa Uingereza nao walikuwa wakitaja katika viapo vyao adhabu za kukatwa koo na mfano wa hayo, wakasema ni mafumbo tu, lakini hawakuyaondoa mpaka mwaka 1986.

Ngazi

Mashariki ya Kongo, kwa Walega, kulikuwa na chama kiitwacho Bwami. Kwa wanaume kilikuwa na daraja kuu tano, ya juu kabisa ikiitwa Kindi. Kila daraja ilikuwa na sherehe yake, mafunzo yake, vinyago vyake, na malipo yake. Mtu hakuweza kupanda kwa mali yake peke yake, alihitaji ndugu na wajomba wamchangie, na kufika juu alihitaji mke wake naye awe ameingizwa. Waliokisoma chama hiki wanasema kilifundisha adabu na subira, na Wabelgiji walikipiga marufuku kwa sababu kilikuwa na heshima kuliko machifu wao. Mimi ninakitaja kwa ajili ya hesabu yake. Aliyelipa mbuzi wake wote kufika daraja ya tatu hawezi kurudi nyumbani na kusema hakuna kitu, maana waliomchangia watamuuliza.

Ngazi ina kazi nyingine. Kila ukiuliza jambo lisiloeleweka, unaambiwa utalijua daraja ya juu. Swali halijibiwi, linaahirishwa. Frimasoni wana daraja tatu za msingi, mwanagenzi, fundi mwenza na fundi mkuu, na katika ya tatu mtu huigizwa kufa na kuinuliwa. (Vyeo peke yake si dalili ya siri. Babu zetu walicheza Beni, Marini na Arinoti wakiwa na Kingi na Jenerali wao, lakini walicheza barabarani mchana.)

Matapeli wa simu

Sasa tuje nyumbani. Mkuu wa Frimasoni wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi alikuwa Sir Andy Chande, aliyekulia Bukene huko Tabora, katika nyanda zetu hizi za kati. Aliandika kitabu cha maisha yake mwaka 2005, akafariki 2017. Hakujificha. Na utaratibu wao ni kwamba mtu huomba mwenyewe na kudhaminiwa na wanachama wanaomjua. Hawabandiki karatasi kwenye nguzo za umeme. Kwa Muislamu hukumu haikubadilika kwa uwazi huo. Baraza la Fiqhi la Makka lilitoa uamuzi wa kukataza kujiunga nao mwaka 1978, na Kanisa Katoliki liliwakataza watu wake tangu 1738. Lakini anayekutumia ujumbe wa "jiunge utajirike" ni mwizi tu aliyeazima jina.

Mwizi huyo ameisoma kazi yake. Mzazi mmoja wa mji huu, nami nimebadili baadhi ya mambo asijulikane, aliuza zabibu zake na kuitikia ujumbe kama huo. Kwanza aliombwa pesa ya fomu, kidogo tu. Kisha akaapishwa kwa simu, usiku, peke yake chumbani, kwamba hatamwambia mtu hata mkewe, na akisema mtoto wake wa kwanza atakufa. Baada ya kiapo ndipo zilipokuja ngazi, pesa ya usajili, pesa ya pete, pesa ya kufungua sanduku la fedha. Alipomaliza pesa za zabibu akakopa. Hakwenda polisi, kwa sababu aliapa. Alikuwa ametambua zamani kwamba ni uongo, lakini kila mtoto alipopata homa alitetemeka. Mwizi alichukua fedha kwa siku chache, kiapo kikachukua usingizi wa miezi.

Je, bai'a ya Aqaba haikuwa siri?

Swali hili niliulizwa na mwanafunzi, na ni swali zuri. Watu wa Madina walikutana na Mtume (S.A.W.) Aqaba usiku, wanaume kumi na wawili mwaka 621, kisha mwaka uliofuata zaidi ya sabini pamoja na wanawake wawili. Mahali na saa vilifichwa kwa sababu Maquraishi wangewaua. Masharti hayakufichwa. Waliambiwa wasimshirikishe Allah, wasiibe, wasizini, wasiue watoto wao. Katika mkutano wa pili, Abbas, ami yake Mtume, aliwaeleza hatari yote kabla hawajanyoosha mikono, ili asiyeweza aondoke. Bai'a ya wanawake nayo ina masharti yake yaliyotajwa moja moja katika Suratul-Mumtahina, na kila mtu anayasoma mpaka leo. Kuhusu twarika zetu zenye shehe, khalifa na muridi, silsila husomwa hadharani na dhikri husikika hadi barabarani. Yanayobishaniwa hapo ni ya kifiqhi.

Aliyekwisha kuapa afanyeje?

Aliyeapa kwa damu, kwa mizimu, kwa uhai wa mtoto au kwa jina la chama, kiapo chake hakikufunga kitu. Amefanya kosa, atubie kwa Allah (S.W.), basi. Aliyelazimishwa, katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi hafungwi na kiapo. Aliyeapa kwa jina la Allah kwa hiari yake kuwa atanyamazia dhulma au atafanya maasi, ni wajibu akivunje, kisha atoe kafara. Suratul-Maida, aya ya 89, imetaja kuwalisha masikini kumi, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge siku tatu. Kwetu Mashafi kila masikini hupewa kibaba kimoja cha chakula kinacholiwa zaidi mahali pale. Kwa watu wa Dodoma ni mahindi, au mtama, au uwele kwa wanaokula uwele. Vibaba kumi ni pishi mbili na nusu. Hutolewa nafaka, si fedha, na siku tatu za kufunga si lazima zifuatane.

Akishatoa, aende akamwambie mkewe, kisha wafuatane kituo cha polisi wakiwa na simu yenye zile namba.

Na yule jirani aliyejenga ghorofa, Suratul-Hujurat imetukataza kumdhania na kumpeleleza. Anayesema "ni Frimasoni huyo" aulizwe alimwona wapi.

Wabillahi tawfiiq.