Jumatatu: Chumba cha Ndani

Soma Mathayo 6:6 na Luka 12:24. Yesu alikuwa akisema juu ya chumba cha namna gani?

Neno la Kiyunani tameion, linalotafsiriwa “chumba cha ndani” katika Mathayo, ndilo linalotafsiriwa “ghala” katika Luka. Kilikuwa chumba cha kuwekea akiba.

Familia ya Nduruma yenye vyumba viwili na watoto watano yaweza kudhani haina mahali pa faragha. Lakini stoo ya mahindi inatosha. Sogeza magunia, tandika mkeka, weka Biblia na Nyimbo za Kristo, acha simu nje. Humo mwamini hajaribu kuondoa mawazo yote akilini; hulitafakari neno la Mungu (Zaburi 1:2), na Mungu humpa amani (Isaya 26:3).

Lililo gumu ni kupeana nafasi. Baba akiwahi zamu ya maji mferejini, na mama akiwasha moto kabla ya wote kuamka, mama atafunga mlango saa ngapi? Lazima mwingine aangalie chai na watoto kwa dakika 15.

Nyumbani mwako, ni nani asiyepata wakati wa kuwa peke yake na Mungu? Juma hili utampokea kazi gani ili aupate?